Mahari Hii Naikataa

Nimefundishwa namna ya kuitambua blogu bora na mtu niliyemwona kwa macho yangu akiandika blogu mbovu kuliko zote zilizowahi kutoka Bunda. Sitanii. Mkuu wangu wa shule alinituma Musoma, semina ya siku mbili ya walimu wanaolea klabu za uandishi za wanafunzi, nami nikaenda nimechangamka kama mtoto wa sikukuu, maana hoteli yenyewe iko ufukweni na tuliambiwa mchana kuna samaki, tena sato. Nikakaa mbele kabisa. Mwezeshaji akaingia: suti ya buluu, kitambi cha heshima, kipara kinachong'aa. Mshereheshaji akamtambulisha kuwa mtaalamu wa maudhui ya mtandaoni, mkongwe, mmoja wa waliofungua njia mkoani Mara. Alipofungua mdomo kusalimia ndipo nilipomtambua. Magesa! Magesa wa Kabasa, aliyekuwa akijiita Mkurugenzi wakati ofisi yake yote ilikuwa kiti kimoja cha kukodi kwa saa katika steshenari niliyokuwa nafanyia kazi.

Akawasha projekta. Ukutani yakatokea maandishi: Vigezo vya Blogu Bora. Kasi ya kutoa habari. Mwonekano. Picha kubwa. Wingi wa wanaofungua. Kichwa cha habari kinachomkamata msomaji shati. Alipofika kwenye hicho cha mwisho akatutolea mfano kutoka kwenye blogu yake ya zamani, herufi nyekundu juu ya njano: MUUGUZI AKATAA MAHARI HADHARANI, ASEMA WAZEE WAMEIGEUZA BIASHARA. "Hiki kichwa, ndugu zangu, kilitembea nchi nzima," akasema. Walimu wakacheka. Mmoja nyuma yangu akasema huyo nesi kweli alikuwa na ubavu. Mimi sikucheka. Huyo nesi namjua. Mwaka habari hiyo ilipotoka nililala naye chumba kimoja, nikala naye sahani moja, na nikamshika mkono siku ng'ombe wa mahari yake walipokuwa wanarudishwa.

Chumba chetu kilikuwa Nyasura, hapohapo Bunda, nyumba ya Mama Zulfa, mfanyabiashara wa vitenge sokoni. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo. Mkami alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji kimoja nje ya mji, anaondoka asubuhi na baiskeli, anarudi jioni viatu vina vumbi. Kitanda kimoja, godoro limezama katikati, kwa hiyo usiku tulikuwa tunaviringika wote shimoni na kuamka tunalaumiana. Tulipika kwenye ukumbi mdogo wa nyuma: ugali wa udaga, ule wa muhogo, furu wa kukaanga mpaka mifupa inalika, siku za mshahara wa Mkami sangara kipande. Mama Zulfa alikuwa hali furu, anasema ni samaki wa miiba mitupu, lakini kila tukikaanga alikuwa anapita "kuangalia kama mmezima jiko" na kuondoka na wawili kwenye kiganja. Mwaka huo mazungumzo ya nyumba nzima yalikuwa harusi ya Mkami. Mchumba wake, Wambura, mwalimu wa msingi, mtu mpole, alikuwa wa Butiama kama yeye. Kwao walikuwa wameshapeleka ng'ombe, na ng'ombe wale walikuwa wameshavuka kwenda kumwolea kaka yake Mkami mke. Mama Zulfa alikuwa hachoki kutucheka kwa hilo.

"Sisi kwetu mahari anachukua bibi harusi mwenyewe, anaiweka kabatini," alisema. "Nyie mnapelekaga ng'ombe wa dada, kaka ndiyo anaoa. Wallahi watu wa Mara mna mambo."

"Mama Zurufa, ng'ombe hakai kabatini," Mkami akamjibu, tukacheka sote.

Zurufa. Hivyo ndivyo Mkami alivyokuwa anaongea. Kila l kwake ilikuwa r: kurara, kura ugari, Zurufa. Nusu ya watu tuliokulia nao wanaongea hivyo, na hakuna aliyewahi kumwelewa vibaya. Mgonjwa akiambiwa "rara hapa" alilala.

Magesa alikuwa anakuja steshenari kila siku baada ya chai. Mimi nilikuwa natoa kopi, nachapa barua za maombi ya kazi, na kuwauzia watu muda wa intaneti. Yeye alikuwa anachukua kompyuta ya pembeni karibu na feni. Nimemtazama akifanya kazi mwaka mzima, kwa hiyo nisiambiwe na mtu kuhusu kasi. Kasi ya Magesa ilitokana na kutokwenda popote. Mtu anazama Musoma, Magesa yuko steshenari Bunda anakula karanga, na habari inaanza na "Mwandishi wetu, Musoma." Picha ya ajali alikuwa anaitoa kwenye blogu ya Mbeya, anakata kipande chenye jina la mpiga picha, anaweka jina lake. Chini ya kila habari: "Habari kamili itawajia hivi punde." Sikuwahi kuiona habari kamili hata moja. Na wasomaji walimpenda! Walikuwa wanaingia steshenari wanauliza, Mkurugenzi katoa nini leo? Siku hizo blogu ilikuwa kitu kipya kwetu, na mtu akikuta jambo limeandikwa kwenye kompyuta alikuwa analiamini kuliko macho yake. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo ninapoona slaidi inasema wingi wa wanaofungua ni kipimo cha ubora. Umati hujaa hata panapopigwa mtu anayesingiziwa wizi.

Basi, zahanati ya Mkami haikuwa na wodi ya wazazi. Kijiji kilikuwa kimetenga kiwanja kizuri karibu na barabara kwa ajili ya wodi, halafu wazee fulani wa serikali ya kijiji wakakimezea mate kwa ajili ya fremu za maduka, wakasema wodi ijengwe bondeni, pale ambapo masika yote vyura ndio wenyeji. Ukaitishwa mkutano wa hadhara hukohuko bondeni. Mkami alikuwa na hasira tangu nyumbani. Uji aliuacha nusu kikombe. Akasimama mbele ya wazee, akanyoosha kidole kwenye tope, akasema: "Mahari hii naikataa! Wajawazito hawawezi kurara kwenye maji. Mahari nzuri wazee mmeigeuza biashara!" Wanawake wakapiga vigelegele. Kijana mmoja aliyekuwa anamtafutia Magesa habari akapiga picha kwa simu.

Mimi sasa ni mwalimu wa Kiswahili, naweza kulieleza jambo hili kwa chaki. Angekuwa mtu wa pwani angesema "mahali hapa napakataa," na hata ulimi ukiteleza kwenye l, ile pa ingemwokoa. Lakini sisi wa bara tunasema mahali hii, mahali ile, tunaikataa, tunaigeuza, kama tunavyosema nyumba au nguo. Weka hapo r ya nyumbani kwao Mkami, na kiwanja kinageuka ng'ombe. Watu wote waliokuwa bondeni siku ile walijua anasema nini, kwa sababu walikuwa wamesimama juu ya hicho kiwanja, tope limewaingia kwenye kandambili. Aliyehitaji kuambiwa ni yule tu aliyekuwa amekaa karibu na feni.

Habari ilitoka siku iliyofuata. Nilikuwa naweka karatasi kwenye mashine nikawasikia wanaume wawili nyuma yangu. Mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anasema, "Huyu si ndiye amechumbiwa na Wambura? Amekula ng'ombe za watu halafu anatukana wazee?" Nikageuka. Ilikuwa picha ya Mkami, mdomo wazi, kidole juu, na tope limekatwa, halionekani. Sentensi ya wajawazito haikuwepo. Ya kwanza na ya tatu zilikuwa zimesogezwa zikaungana vizuri kabisa. Mpaka jioni blogu nyingine zilikuwa zimeinakili neno kwa neno, pamoja na makosa yake ya herufi, moja ikaongeza kwamba muuguzi huyo ana mchumba mwingine Mwanza. Chini wadau wasio na majina walikuwa wanaandika mambo ambayo sitayarudia hapa. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Aliyesema hivyo hakuwahi kuona intaneti.

Tulimfuata Magesa kesho yake, mimi na Mkami. Alikuwa palepale, karanga zake mbele.

"Kaka Magesa," Mkami akamwambia, kwa adabu, maana alikuwa bado anaamini ni bahati mbaya. "Umekosea. Mimi nirikuwa nasema kiwanja. Mahari ya kujenga wodi."

"Si ndiyo hiyo mahari umeitaja tena?" Magesa akasema, akacheka peke yake.

Nikamwambia, "Weka pale juu kwamba umekosea. Mstari mmoja tu."

"Dada, blogu haiombi msamaha. Ukirekebisha, wasomaji wanakudharau. Kijana wangu alinisomea kwenye simu, mimi nikaandika nilichosikia. Ulimi wake ndiyo umekosea, sio blogu yangu." Akamgeukia Mkami, akalainisha sauti. "Kama unataka, nikuhoji. Tunatoa habari ya pili: Muuguzi Aliyekataa Mahari Afunguka. Itafunguliwa hiyo, wewe acha!"

Mkami akageuka, akatoka. Nilitamani kummwagia Magesa wino wa mashine kichwani, na mpaka leo najuta kwamba sikufanya hivyo.

Wazee wa upande wa Wambura walikuja Nyasura Jumapili, wanne, wakakataa soda. Walikaa kwenye viti vya Mama Zulfa sebuleni, mimi na Mkami tumesimama mlangoni. Mkami alieleza yote: kiwanja, bonde, wajawazito. Mama Zulfa akaapa kwamba binti huyu kila l kwake ni r, akamtaka aseme "lala" mbele ya wazee wapate kusikia. Mkami akasema "rara," machozi yanamtoka, kama mtoto anayepimwa darasa la kwanza. Mzee aliyekuwa mkubwa wao akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nchi nzima imesoma kwamba tumenunua mtu. Ng'ombe zetu zirudi." Wambura hakuja. Alituma ujumbe wa simu kwamba yeye hana neno ila wazee ndio wazee. Nikaanza kuelewa siku hiyo upole wa Wambura ulikuwa wa namna gani.

Ng'ombe wenyewe hawakuwepo, walikuwa kwa wakwe wa kaka yake. Kuwachukua huko ingekuwa kuivunja ndoa ya kaka, na mkewe alikuwa mjamzito. Kwa hiyo baba yake akatoa wa kwake, wa maziwa na wa kulimia, mpaka zizi likabaki samadi. Nilikwenda na Mkami Butiama siku hiyo. Walipita mbele yetu wakipigwa fimbo na vijana wa upande ule, na mmoja wa ng'ombe, mwenye nundu kubwa, alikuwa anageuka geuka kutazama nyuma. Baba yake Mkami hakupaza sauti. Alisema tu, "Mwanangu, ulimi wako umemaliza zizi langu," akaingia ndani. Chakula kilipoandaliwa Mkami hakuitwa. Tulikula jikoni na mama yake, viazi vitamu na maziwa ya mwisho.

Wiki chache baadaye Magesa akaifuta ile habari. Kimya kimya, hakusema kwa nini; nadhani kuna ofisa alimtisha, asije mtu akachimbua mambo ya kiwanja. Na hapo ndipo alipotumaliza. Maana kabla ya hapo nilikuwa naweza kumfungulia mtu kompyuta nikamwonyesha: tazama, sentensi zimerukwa hapa. Sasa hapakuwa na kitu cha kuonyesha, ila zile nakala zilizotapakaa. Na Butiama walisema nini? Walisema Mkami kamhonga Mkurugenzi afute. Kufutwa kukawa ushahidi wa pili dhidi yake.

Musoma palikuwa na mzee mmoja mwaka huohuo aliyekuwa na blogu ya habari za mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki: bei ya dagaa, mitumbwi iliyochelewa, hali ya ziwa. Blogu mbaya kwa macho, herufi za kijani kwenye nyeusi, picha zimelala ubavu. Wateja wetu walikuwa wanaicheka. Lakini siku moja aliandika kwamba mtumbwi fulani umezama, kumbe ulikuwa umetia nanga kisiwani. Hakufuta. Alipiga mstari juu ya sentensi ile, ikabaki inasomeka, akaandika chini yake: Nilikosea, mtumbwi uko salama, nimeambiwa na mke wa nahodha, naomba radhi kwake kwa usingizi niliomkosesha. Nilipoisoma hiyo nilimwita Mkami aje aione, na sote wawili tulilia. Wanafunzi wangu wakiniuliza blogu nzuri inajulikanaje, ndicho ninachowaambia: acha rangi zake, acha umati wake. Tafuta pale ilipokosea. Aliyeandika alikuwepo, au alimsikia aliyekuwepo, na anakutajia ni nani? Na alipogundua amekosea alirudi palepale, mbele ya walewale, akasema? Kama huoni kosa hata moja lililosahihishwa, usidhani hawakosei. Wanafuta.

Mkami aliacha kuongea kwenye mikutano. Wodi ilijengwa bondeni. Alihamishiwa Butiama, akajenga nyumba yake, hakuolewa, Wambura alioa mwaka uliofuata. Lakini linalonikera zaidi ya yote ni jinsi alivyougeuzia ulimi wake hasira. Nilimkuta mara nyingi, mtu mzima, muuguzi aliyezalisha nusu ya kijiji, anajifungia na kioo kidogo cha mkononi anajaribu: la, le, li. Anachagua maneno. Wagonjwa anawaonyesha kwa mkono. Hata kwenye msiba wa baba yake, walipomwomba aseme neno kwa niaba ya watoto, alitikisa kichwa, na mdogo wake ndiye akasema. Mzee yule alikufa akiamini zizi lake lilimalizwa na ulimi wa binti yake. Na binti yake aliamini hivyohivyo.

Sasa nirudi kwenye ile semina. Wakati wa chai nilimfuata Magesa, kikombe mkononi, nimejiandalia hotuba. Yeye akanitambua kwanza.

"Wewe si yule dada wa steshenari? Jamani, dunia ndogo!"

"Ile habari ya mahari," nikasema. "Hukuwahi kuisahihisha."

Akacheka, akanigusa bega kama mtu anayemwonjesha mwenzake siri tamu. "Mwalimu, tuwe wakweli. Yule nesi alikuwa anaongelea kiwanja. Nilijua. Kijana alinieleza kila kitu kwenye simu, bonde, wodi, wajawazito. Lakini kiwanja nani anafungua? Nikaona hapa lugha imenipa zawadi." Akachukua sambusa. "Ndiyo maana nafundishaga: kichwa cha habari ni nusu ya blogu."

Nilijua. Hilo neno Magesa alilitamka huku anatafuna. Hotuba yangu yote ilikuwa ya mtu aliyekosea akakataa kusahihisha. Sikuwa na hotuba ya mtu ambaye hakukosea. Nikaweka kikombe, nikatoka, sikusubiri hata huyo sato. Nilichukua usafiri mpaka Butiama nikamkuta Mkami anachambua mboga uani, miwani imeshuka puani.

"Mbona umekuja bira kusema?" akaniuliza, halafu, kama kawaida yake, akajisahihisha taratibu: "Bila."

"Mkami, Magesa alijua."

"Arijua nini?"

"Alijua unasema kiwanja. Tangu siku ile ile, kabla hajaandika. Aliambiwa kila kitu. Haukuwa ulimi wako. Haukuwahi kuwa ulimi wako."

Akaliweka chini jani la mchicha alilokuwa ameshika. Nilidhani atalia, nikajisogeza karibu. Hakulia. "Baba amekufa," akasema. "Baba amekufa hajui." Akasema hivyo mara mbili tatu, kila mara sauti inapanda, mpaka jirani akachungulia juu ya ua. Halafu akaniuliza kama semina imeisha. Nikamwambia bado, kesho asubuhi kuna kipindi cha mwisho. Akaniambia nilale pale.

Kesho yake tuliingia ukumbini Magesa akiwa amekaribisha maswali. Mkami alivaa sare yake ya kazi, nyeupe, imepigwa pasi. Hakumwomba mtu ruhusa. Alipita katikati ya meza, akamfikia kijana anayezungusha kipaza sauti, akakichukua mkononi mwake. Magesa alimtazama, na nikaona tabasamu linamwishia midomoni.

"Mimi naitwa Mkami," akasema. "Ndiye yure muuguzi mriyemcheka jana. Nitaongea kwa urimi wangu huuhuu, na anayeandika aandike maneno yote. Asiruke hata moja."